Siku tano Helsinki: matembezi ya mjini, maktaba na mvuke wa kuni

Simulizi hii nimeiandika nyumbani Kibaha, wiki tatu baada ya kurejea, kwa kuunganisha yaliyomo katika daftari langu dogo na picha mia mbili na ushei zilizomo katika simu. Mimi ni mwalimu na mtunza maktaba ya shule. Nilikwenda Finland kwa mafunzo ya wiki mbili mjini Tampere, ambayo sitayaeleza hapa; ninachotaka kukieleza ni siku tano nilizojiongezea mwenyewe, kwa fedha zangu, katika mji mkuu Helsinki. Sababu yangu ilikuwa ya muda mrefu. Nilisoma Kibaha, katika kituo kilichoanzishwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordic, yaani za kaskazini mwa Ulaya, Finland ikiwamo, na tangu nikiwa kidato cha kwanza nilikuwa nikijiuliza: watu waliotoka mbali namna ile kuja kushiriki kujenga shule na kituo cha afya kwetu, kwao wenyewe wanaishije?

Bei nimezitaja kwa euro; euro moja ihesabiwe shilingi 3,000, ili hesabu iwe nyepesi.

Siku ya kwanza, Jumatano 10 Septemba: Tampere hadi Helsinki

Treni iliondoka Tampere saa nne asubuhi. Safari yenyewe haifiki saa mbili, na tiketi niliyoinunua siku tisa kabla ilinigharimu euro 15, yaani shilingi 45,000; mwenzangu aliyeinunua asubuhi ileile alilipa karibu mara mbili. Atakayepita njia hii anunue mapema.

Tulipopita Hämeenlinna treni ilisimama katikati ya msitu wa misonobari, ikakaa hapo dakika hamsini. Tangazo lilisomwa kwa Kifini, kisha Kiswidi, kisha Kiingereza: kuna hitilafu mbele, tunaomba radhi. Nilingoja manung'uniko ya abiria, sikuyasikia. Behewa zima lilinyamaza kama darasa la mtihani. Kwetu, dakika ya kumi tu ingekuwa imetosha kila mtu kujua jirani yake anakwenda msiba wa nani. Nikaanza kuuona ule ukimya kuwa ni ubaridi wa watu, mpaka mama mmoja mtu mzima aliyeketi mbele yangu, ambaye hakuwa amenitazama hata mara moja tangu tuondoke, alipofungua chupa ya kahawa, akamimina kikombe cha pili na kunisogezea pamoja na nusu ya andazi lake. Hakusema kitu. Nilipouma lile andazi nilishtuka kwa furaha, kwa maana lilikuwa na iliki! Wanaliita pulla, na iliki ndani yake ni lazima, kama ilivyo kwa mandazi ya pwani yetu. Nilimshukuru kwa neno moja la Kifini nililolijua, *kiitos*, naye akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye kitabu chake.

Tulifika Helsinki saa saba kasoro mchana. Kituo kikuu cha reli, kilichosanifiwa na Eliel Saarinen na kukamilika mwaka 1919, kina majitu manne ya mawe mlangoni, kila moja limeshika taa ya duara kwa mikono miwili. Hosteli yangu ilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu. Kitanda katika chumba cha watu sita kilikuwa euro 38 kwa usiku. Ulizeni kabla kama shuka zimo katika bei. Mimi sikuuliza, nikaongeza euro 8.

Jioni nilinunua mkate, jibini na ndizi dukani kwa euro 9 na kulala mapema. Maji sikununua. Maji ya bomba ya Helsinki yanatoka katika ziwa Päijänne, kaskazini, kwa kupitia handaki lililochimbwa ndani ya mwamba kwa urefu wa kilomita 120 na kukamilika mwaka 1982. Jaza chupa yako popote na unywe bila wasiwasi.

Siku ya pili, Alhamisi 11 Septemba: matembezi na mwongozaji

Hii ndiyo siku niliyoijia. Matembezi ya kuongozwa, ya muda wa saa mbili na nusu kwa Kiingereza, yalikuwa euro 25. Tulikuwa watu kumi na mmoja, tukakutana saa nne asubuhi chini ya ngazi za Kanisa Kuu, kwenye Uwanja wa Seneti, mvua nyembamba ikinyesha. Mwongozaji wetu alikuwa mama wa miaka sitini hivi, aliyefundisha historia shuleni kabla ya kustaafu. Alijitambulisha kwa jina lake la kwanza tu na kutueleza kwamba hata wanafunzi wake walimwita hivyo hivyo. Nilimwomba ruhusa ya kumwita "mwalimu", kwa kuwa ulimi wangu haukukubali jina tupu kwa mtu wa umri wake, naye akakubali kwa tabasamu.

Alianza kwa kutuambia tugeuke, tulipe kanisa mgongo na kutazama uwanja. Helsinki ilianzishwa mwaka 1550 na mfalme wa Sweden, Gustav Vasa, lakini kwa karne mbili na nusu ilibaki mji mdogo wa bandari. Mwaka 1809 Urusi iliichukua Finland kutoka kwa Sweden, na mwaka 1812 Tsar, yaani mfalme wa Urusi, akauhamisha mji mkuu kutoka Turku kuja hapa, karibu zaidi na St. Petersburg. Sehemu kubwa ya mji ilikuwa imeungua mwaka 1808, hivyo msanifu Carl Ludvig Engel, Mjerumani, alipata nafasi ambayo wasanifu wachache huipata, ya kuchora kitovu cha mji mkuu mpya karibu kutoka mwanzo. Kanisa lilikamilika mwaka 1852, miaka kumi na miwili baada ya kufa kwake. Upande mmoja wa uwanja ni Seneti, ambayo sasa ni jengo la serikali, na unaotazamana nao ni chuo kikuu. "Tazameni," alisema, "dola, elimu na dini vimepewa kila kimoja upande wake, na katikati wameachiwa watu."

Katikati ya uwanja amesimama Tsar Alexander II, katika sanamu ya mwaka 1894. Mtu mmoja katika kundi letu aliuliza kwa nini taifa huru bado linamweka mtawala wa kigeni mahali pa heshima namna ile. Mwalimu alitusogeza tukazitazame sanamu ndogo zinazouzunguka msingi, ambazo zinawakilisha Sheria, Nuru, Amani na Kazi. Sheria ni mwanamke aliyesimama na simba. Mwaka 1899, alisema, Nicholas II alipotoa ilani ya kuibana Finland na kuipunguzia mamlaka yake ya ndani, wananchi hawakuivunja sanamu ya babu yake. Waliijaza maua. Lilikuwa ni jibu lao kwa Tsar aliye hai, kwamba wanamkumbuka yule aliyeliitisha tena bunge lao mwaka 1863. Nimefundisha miaka kumi na saba na sijawahi kusikia upinzani ulioelezwa kwa upole kama huo.

Wakati akizungumza, walipita watoto wa chekechea kama ishirini, wawiliwawili, kila mmoja amevaa kizibao cha njano kinachoakisi mwanga. Mmoja alisimama kukanyaga dimbwi, akalikanyaga mara tatu kwa makini kama anayefanya kazi aliyotumwa, na mlezi wake akamngoja amalize ndipo msafara ukaendelea. Mwalimu naye alinyamaza mpaka wakapita. Kisha akatueleza kwamba watoto wale wakianza shule watakula chakula cha mchana bila kulipa senti, wa tajiri na wa maskini, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1943, vita vikiwa bado havijaisha, na kuanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 1948. Nilirudia kumuuliza tarehe ili niwe na hakika. Nchi ilikuwa inadaiwa fidia ya vita na Urusi ya Kisovieti na inawatafutia makazi mamia ya maelfu ya watu waliopoteza ardhi yao ya Karelia, na bado iliona kwamba uji wa shuleni haungoji nchi itajirike kwanza.

Akaongeza habari ya sanduku. Tangu mwaka 1938 mama mjamzito mwenye kipato kidogo alipewa sanduku la nguo na mahitaji ya mtoto mchanga, na tangu mwaka 1949 wakapewa akina mama wote, kwa sharti la kuhudhuria kliniki kabla mwezi wa nne wa ujauzito kwisha. Sanduku lenyewe lina godoro dogo chini, hivyo likishafunguliwa huwa kitanda. "Mimi nililala ndani yake," alisema, "na binti zangu wawili pia." Kwangu uzito wote wa jambo hili uko kwenye lile sharti. Zawadi ilitumika kuwavuta akina mama kliniki, na kwa kuwa kila mama alilipata, hakuna aliyeona haya kulipokea.

Hatua chache nyuma ya uwanja, mbele ya Benki Kuu ya Finland, kuna sanamu ya J. V. Snellman. Msingi wake wa jiwe umemegwamegwa, nikadhani ni uzee. Ni makovu ya mabomu ya mwaka 1944, yaliyoachwa kwa makusudi bila kuzibwa. Snellman alikuwa mwanafalsafa aliyesoma na kuandika kwa Kiswidi, kama wasomi wengi wa wakati wake, lakini akashikilia kwamba taifa haliwezi kusimama ikiwa mahakama na ofisi zinasema lugha ambayo mkulima haijui. Mwaka 1863 Tsar alitia saini amri ya kukifanya Kifini kiwe lugha rasmi sambamba na Kiswidi, na kuipa nchi miaka 20 ya kujiandaa. Nilimweleza mwalimu kwamba nasi tuna mjadala wetu wa miaka mingi kuhusu Kiswahili na Kiingereza madarasani, akanisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia, kisha akanionyesha kibao cha mtaa kilichokuwa juu yetu: jina la Kifini juu, la Kiswidi chini. Wenye kusema Kiswidi leo ni wachache, lakini vibao vyao havikuondolewa.

Kutoka hapo tulishuka Kauppatori, uwanja wa soko ulio bandarini, tukapita bustani ya Esplanadi na kufika kituo cha reli. Mvua ilizidi. Mwanamume mmoja wa kundi letu, mgeni kama mimi, alinikinga na mwavuli wake njia nzima bila kuulizana majina.

Matembezi yaliishia katika uwanja ulio kati ya Bunge na Oodi, maktaba kuu mpya. Bunge lilifunguliwa mwaka 1931, nalo ni jengo zito la granaiti lenye nguzo 14 mbele. Mwalimu alisimama katikati na kutukumbusha kwamba mwaka 1906, nchi ikiwa bado chini ya Tsar, wanawake wa Finland walipata haki ya kupiga kura na ya kugombea kwa pamoja, na katika uchaguzi wa mwaka 1907 wanawake 19 waliingia katika bunge la watu 200, wa kwanza duniani kuchaguliwa wabunge. Kisha akatuonyesha kwa mkono mstari wa hewani kutoka kwenye mlango wa Bunge, juu ya ngazi zake, hadi ghorofa ya tatu ya maktaba. Viko usawa mmoja. Msomaji na mbunge wanatazamana bila mmoja kumwinamia mwingine.

Ushauri kwa mtakaokwenda: matembezi ya namna hii fanyeni siku ya kwanza au ya pili, kwa sababu kila nilichokiona baadaye nilikiona kwa macho aliyonipa yule mama. Vaeni viatu visivyopitisha maji. Na chakula kikubwa kileni mchana. Siku za kazi migahawa mingi huweka chakula cha *lounas* kati ya saa tano na saa nane, mtu akajipakulia mwenyewe. Nililipa euro 13 kwa supu ya samoni yenye viazi, maziwa na majani mabichi yenye harufu inayokaribia bizari, pamoja na mkate mweusi wa rai, siagi, saladi na kahawa. Usiku, sahani moja ya samaki ingekula euro 25.

Siku ya tatu, Ijumaa 12 Septemba: Oodi, Hakaniemi na saunani

Nilirudi Oodi saa mbili asubuhi, peke yangu. Ilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru, na nilitaka kuiona kama mtu wa kazi hii. Vitabu viko ghorofa ya juu kabisa, kama laki moja, katika ukumbi mmoja mweupe wenye miti hai ndani na sakafu inayopanda kama kilima mwishoni, ambako watoto walikuwa wamelala kifudifudi wakisoma. Hakuna mlinzi aliyenisimamisha, hakuna aliyeniuliza nina kadi au sina, na begi langu niliingia nalo.

Lakini saa zangu nyingi zilipotelea ghorofa ya pili. Kuna studio za muziki, mashine za kuchapisha vitu kwa plastiki, vyumba vya mikutano, na kuna cherehani. Nilisimama mbali kidogo na kumtazama kijana mmoja, wa miaka ishirini na kitu, akishona zipu mpya kwenye koti la zamani. Alikuwa anaikosea. Alifumua mara mbili, na mara ya tatu bibi aliyekuwa kwenye cherehani ya pembeni alisimama, akaichukua ile zipu, akaibana na pini kuanzia chini badala ya juu, akarudi kwenye kazi yake. Kijana alishona moja kwa moja mpaka juu, akaivuta zipu, ikapanda. Akaishusha, akaipandisha tena. Nilimwuliza mtunza maktaba analipa kiasi gani. Akanijibu kwamba kutumia cherehani ni bure, na uzi wa kujaribia upo.

Nilikaa kwenye kiti na kufikiria neno letu, "shamba la bibi". Tukisema kitu cha umma ni shamba la bibi tunamaanisha hakina mwenyewe, kila apitaye achume. Pale niliona kitu cha umma ambacho kila apitaye amekuwa mwenyewe. Sindano ilipokatika, yule kijana aliipeleka mezani na kusema, akapewa nyingine.

Mchana nilitembea hadi soko la Hakaniemi kwa kuvuka daraja la Pitkäsilta, ambalo zamani liliwatenga wafanyakazi wa viwandani upande wa kaskazini na matajiri upande wa kusini. Nikiwa nje ya soko nilipiga simu nyumbani, na nilipokata nikasikia nyuma yangu: "Kaka, ile Kiswahili ni ya Tanzania, ao?" Alikuwa mama kutoka Uvira, Kongo, aliyeletwa Finland kama mkimbizi miaka kumi iliyopita. Tulisimama karibu nusu saa. Alinipeleka kwenye duka linalouza unga wa mahindi, muhogo na majani ya sombe yaliyogandishwa, akakataa katakata nisilipe muhogo aliotaka kunipa nikapike hosteli.

Nilimwuliza kuhusu maisha bila ya picha za watalii. Alisema lugha ilimtesa miaka minne, na kwamba kuna kazi ambazo cheti chake cha kwao hakikumsaidia kuzipata. Msimu wa giza, kuanzia Novemba, humlemea hadi leo. "Jirani hawezi kukupigia hodi, hata mwaka uishe," alisema. "Lakini nilipozaa huyu wa mwisho, theluji ya kwenye mlango wangu nilikuta imeondolewa kila asubuhi, na sikumwona anayeiondoa." Watoto wake wanasema Kifini, Kiswahili na Kifuliiru, na kila Jumamosi huenda maktaba. Tuliagana kwa kushikana mikono miwili.

Jioni nikaenda Kotiharju, sauna ya umma (sauna ni chumba cha kukaa katika joto na mvuke) katika mtaa wa Kallio iliyokuwapo tangu mwaka 1928 na inayotumia tanuri kubwa la kuni. Chini kidogo ya euro 20. Wanaume na wanawake wana sehemu zao mbalimbali. Unavua nguo zote, unaoga, ndipo unaingia. Kwa mtu aliyelelewa kama mimi hilo si dogo, na sitasema nililizoea upesi. Ndani ni giza, ngazi za saruji zinapanda hadi karibu na dari, na kila ngazi joto huongezeka. Nilipanda hadi juu. Mzee aliyekuwa amekaa ngazi ya pili alinigusa mguu na kunionyesha kwa kiganja nafasi iliyo kando yake, chini, akanipa kipande cha kitambaa cha kukalia. Baada ya muda mtu alifungua bomba la maji juu ya mawe ya tanuri. Hayakulia kwa kishindo kama nilivyodhani. Yalitoa mgurumo mfupi wa chini, kisha kimya, kisha joto likatushukia mabegani kama shuka nzito. Mvuke huo wanauita *löyly*. Watu wote waliinamisha vichwa kwa pamoja.

Tulitoka nje mimi na yule mzee, tukakaa kando ya barabara na taulo zetu, moshi ukitutoka mwilini, magari yakipita. Ndipo alipozungumza, kwa Kiingereza cha kuchagua maneno. Aliniambia alizaliwa mtaa huu, katika nyumba isiyokuwa na bafu, na baba yake, mfanyakazi wa bandari, alimleta hapa kila Jumamosi. Finland ina watu kama milioni tano na nusu na sauna zinazokadiriwa kufika milioni tatu, nyingi za majumbani, hivyo nilimwuliza kama kwake hakuna. "Ipo," alisema. "Lakini ile ni ya kuoga." Akanyamaza, nami nikanyamaza naye. Ukimya ule ulikuwa ule ule wa kwenye treni, ila sasa nilikuwa ndani yake.

Siku ya nne, Jumamosi 13 Septemba: Suomenlinna

Kivuko kinaondoka Kauppatori na mwendo ni dakika kumi na tano. Msinunue tiketi ya watalii kama mnayo tiketi ya usafiri wa mjini: ile ile ya tramu na basi hutumika kivukoni, na ya siku nzima ndiyo yenye nafuu kwa anayezunguka sana.

Suomenlinna ni ngome iliyotandazwa juu ya visiwa kadhaa, ambayo Sweden ilianza kuijenga mwaka 1748 ili kuizuia Urusi, chini ya usimamizi wa Augustin Ehrensvärd. Ilijisalimisha kwa Warusi mwaka 1808. Mwaka 1918, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Wekundu, wa mrengo wa wafanyakazi, na Weupe, wa upande wa serikali, ilifanywa kambi ya wafungwa Wekundu, na wengi walikufa humo kwa njaa na maradhi. Nilisoma kibao cha habari hiyo mara mbili, nikitafuta maneno ya kuficha, nisiyaone.

Tangu mwaka 1991 iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, lakini haijafanywa kitu cha kabatini. Watu kama 800 wanaishi pale. Niliona nguo zimeanikwa nyuma ya ukuta wa mizinga, na familia zikila juu ya majani mbele ya Lango la Mfalme huku upepo wa Bahari ya Baltiki ukitaka kuzinyang'anya vitambaa. Kuna pia gereza la wazi, na wafungwa wake hulipwa kwa kazi ya kukarabati kuta. Mwanamume mmoja mwenye ovaroli alikuwa akijaza chokaa kati ya mawe kwa mwiko mdogo, akisugua kila kiungo kwa kidole gumba kabla ya kusogea jiwe la pili. Sikumwuliza ni mfungwa au ni fundi. Mavazi hayakusema.

Chukueni chakula chenu. Kikombe cha kahawa na kipande cha keki vilinigharimu euro 9.50 kisiwani, na mabenchi ya bure yako kila mahali. Chupa tupu za plastiki msitupe: dukani kuna mashine inayozipokea na kurudisha amana, senti 20 kwa chupa ya nusu lita.

Jioni ilikuwa ya kufua nguo na kufunga begi.

Siku ya tano, Jumapili 14 Septemba: Hietaniemi, kisha uwanja wa ndege

Ndege ilikuwa jioni. Makumbusho ya Taifa niliyoitamani ilikuwa imefungwa kwa ukarabati mrefu, kwa hiyo angalieni kabla ya kupanga. Nikaamua kwenda makaburi ya Hietaniemi, kwa sababu ya mtu mmoja.

Martti Ahtisaari alikuwa balozi wa Finland Dar es Salaam kuanzia mwaka 1973. Ni wakati ambao vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi zao pale, na hapo ndipo alipofahamiana na viongozi wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ukamfanya Kamishna wa Namibia, na uhuru wa nchi hiyo mwaka 1990 ulisimamiwa chini yake. Baadaye akawa rais wa Finland, kati ya mwaka 1994 na 2000, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki Oktoba 2023. Mwalimu wetu wa Alhamisi alikuwa ameniambia yuko pale, nami niliona si vizuri kuondoka bila kumpa pole ya mwisho mtu aliyewahi kuishi kwetu.

Sikupaona upesi. Makaburi ni mengi, yako kando ya bahari, chini ya miti mikubwa, na njia zinafanana. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia kaburi la mumewe aliacha kazi, akavua glavu zake za udongo na kunisindikiza mpaka pale, mwendo wa dakika saba, kisha akarudi alikotoka bila kungoja shukrani ndefu.

Nilisimama kwa muda. Kulikuwa na maua yaliyoanza kunyauka, kwa maana mvua ya Alhamisi ilikuwa imekwisha kukauka. Nilikumbuka kwamba njiani nilipita bomba lenye makopo ya kumwagilia yaliyotundikwa kwa safu, ya wote. Nilirudi, nikajaza moja, nikamwagilia maua polepole mpaka udongo ukanywa. Nikalitundika kopo mahali pake, nikatembea hadi kituoni, na kupanda treni ya uwanja wa ndege, ambayo huchukua nusu saa.